Karabini ya 22 mjini Lubumbashi: lawama zipi ni za kitako?

Mwenye karabini ya kalibre 22 akitamka mbele ya wenzake hapa Lubumbashi kwamba anataka kutoa kitako chake cha mbao (sehemu yote inayobeba mtutu na kuegemezwa begani) aweke cha plastiki au cha alumini, asitegemee kuondoka hapo mapema. Wapo watakaomwambia anatupa pesa: risasi inatoka kwenye mtutu, si kwenye mbao, na 22 haina teke la kuumiza bega. Wapo watakaomwambia amechelewa, maana kitako ni nusu ya bunduki. (Nazungumzia silaha zenye kibali, chini ya sheria ya silaha na risasi ya 1985: za wawindaji wa kanga na sungura, na za wanaolenga karatasi.) Pande zote mbili zinabishania ukubwa wa kundi la matundu kwenye karatasi. Kwa maoni yangu, kosa kubwa la kitako huku Haut-Katanga si hilo. Kundi linaweza kubaki dogo vilevile, ila likahama mahali.

Hoja ya wanaosema kitako ni pambo ina nguvu kuliko wengi wanavyokubali, kwa hiyo tuanze nayo. Risasi ya 22 ndefu (22 Long Rifle) ni ya mtindo wa zamani. Ilitoka Marekani mwaka 1887. Haina fataki ya katikati. Dawa ya kuwashia imetandazwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini huuponda ukingo huo ndipo moto uwake. Dawa isipotandazwa sawasawa, moto nao hauwaki sawasawa, na kasi inabadilika kutoka risasi moja hadi nyingine. Risasi ya mashindano ina uzito wa gramu 2.6 hivi na hutoka kwa mita 320 na ushei kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti. Moja ikitoka pungufu ya mwenzake kwa mita 10 kwa sekunde, kwenye umbali wa mita 50 itapiga chini kwa karibu milimita 8. Duara la alama 10 katika shabaha ya mita 50 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, lina upana wa milimita 10.4. Kitako hakijaguswa bado, na risasi peke yake imeshakaribia kulimaliza duara.

Kuna ushahidi mzito zaidi. Kampuni ya Lapua ina kituo cha kujaribia risasi za 22 huko Schönebeck, Ujerumani. Mlengaji anapeleka bunduki yake, chuma, yaani mtutu na sehemu yenye bolti, kinavuliwa kwenye kitako, kinabanwa kwenye mashine, kisha zinapigwa risasi za mikupuo mbalimbali, yaani mafungu yaliyotengenezwa kiwandani kwa pamoja. Jina kwenye boksi ni lilelile, mashine ni ileile, mtutu ni uleule, lakini mkupuo mmoja unatoboa tundu dogo na mwingine unatawanya. Mabingwa hununua ule uliofanya vizuri kwenye mtutu wao, kwa wingi, na kuuhifadhi. Watu hao hawafiki huko kujaribu vitako.

Upande huu hupenda pia kumtaja Tom Frye wa kampuni ya Remington. Mwaka 1959 alipiga vipande vya mbao vilivyorushwa hewani, 100,010 kwa jumla, akakosa 6 tu. Bunduki zake zilikuwa Nylon 66, zenye kitako cha nailoni, wakati ambapo plastiki kwenye bunduki ilichekwa. Kisa ni cha kweli, ila hakithibitishi wanachotaka kithibitishe. Kipande chenyewe kilikuwa na upana wa zaidi ya sentimita 6. Kisa kinaonyesha bunduki isiyochoka na jicho lisilochoka. Juu ya milimita hakisemi kitu.

Sasa upande wa nusu ya bunduki. Hao wanakumbusha kwamba risasi ya 22, kwa sababu ya kasi yake ndogo, hukaa ndani ya mtutu muda mrefu kuliko risasi za bunduki kubwa. Katika muda huo mtutu unatetema na bunduki nzima imeshaanza kurudi nyuma. Teke ni dogo, kweli, lakini linaanza kabla risasi haijatoka. Mbao ikigusa mtutu upande mmoja, mtetemo unabadilika. Skrubu zinazoshika chuma zikilegea, chuma kinarudi mahali tofauti baada ya kila mlio. Hapo ndipo yanapotoka mambo ya kumwaga gundi ya epoksi chini ya chuma ili kilale bila kucheza, na ya kuchonga mfereji wa mbele uwe mpana kuliko mtutu.

Kipimo chao ni rahisi na kila mtu anakijua: unapitisha noti ya franka 500 kati ya mtutu na mbao, unaivuta kutoka ncha ya kitako hadi karibu na chuma chenye bolti. Ikipita bila kukwama, mtutu uko huru.

Tatizo la kipimo hicho ni kwamba watu hukifanya mara moja. Lubumbashi ina mwaka wa vipande viwili. Kuanzia Mei hadi Septemba hakuna tone, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka. Kisha mvua zinakuja na hazituachi hadi Aprili. Mbao hunywa unyevu na kuvimba kwa upana, karibu haibadiliki kwa urefu. Noti iliyopita vizuri mwezi wa nane inaweza kukwama mwezi wa pili, kwa kuwa ubavu mmoja wa mfereji umejipinda ukaegemea mtutu. Skrubu nazo: kiangazi mbao inasinyaa chini yake zinalegea, mvua ikinyesha mbao inavimba zinakaza kupita kiasi. Mwenye bunduki anarudi porini na darubini aliyoipanga Agosti, anamkosa kanga, analaumu darubini au risasi. Angepiga risasi tano kwenye karatasi angeona kundi zuri kabisa, limekaa sentimita mbili pembeni.

Ndiyo maana naona wanaosema pambo na wanaosema nusu wanapishana njiani. Mashine ya Schönebeck inajibu swali la mtawanyiko, na jibu lake ni mtutu na risasi. Swali la kundi kuhama kutoka msimu mmoja hadi mwingine haliulizi kabisa, kwa kuwa hapo kitako hakipo.

Je, plastiki inatatua? Nusu tu. Haivimbi kwa mvua. Lakini vitako vingi vya plastiki vya bei nafuu vina mkono wa mbele mwembamba, wenye utupu ndani. Ukiulaza kwenye mfuko wa mchanga na kuegemea, unapinda na kugusa mtutu, kisha ukiuinua unaachia. Mbao inakuhamishia kundi mara mbili kwa mwaka. Plastiki mbovu inalihamisha kila unapobadili namna ya kushika. Dukani, kabla ya kutoa pesa, bana mtutu na ncha ya kitako kwa vidole. Ukiona nafasi inafungwa bila kutumia nguvu, kirudishe.

Alumini haina dhambi hizo mbili. Imenyooka na inabaki hivyo, na chuma hulalia chuma. Inafaa sana kwa anayelenga karatasi akiwa amelala au juu ya meza. Porini ni habari nyingine: uzito wake unausikia baada ya kilomita chache, na jua la Oktoba huifanya isigusike. Anschütz, kiwanda cha Ujerumani kilichoanza 1856 na kinachojulikana na kila mlengaji wa 22, kinatengeneza bunduki za mashindano zenye vitako vya alumini na zenye vitako vya mbao. Kama alumini peke yake ingekuwa inaleta alama, mbao ingekuwa imeshatoka mashindanoni siku nyingi.

Wenye karabini za zamani za FN kutoka Ubelgiji, ile ya kugawanyika vipande viwili aliyoibuni John Browning na ambayo ilianza kutengenezwa Herstal mwaka 1914, wanaweza kuacha kusoma mambo ya mfereji. Risasi zake zinakaa kwenye bomba lililo ndani ya kitako chenyewe, zinaingizwa kupitia tundu la ubavuni. Kitako hicho hakibadilishwi kwa kingine cha dukani, na karabini yenyewe haikutengenezwa kwa ajili ya milimita.

Kuna faida ya kitako ambayo hata upande wa nusu wenyewe hauielezi vizuri, wakati kwangu ndiyo ya kwanza: shavu. Vitako vingi vya zamani vilichongwa kwa ajili ya vilengeo vya chuma, ambavyo viko chini. Ukiweka darubini juu, jicho linabidi lipande na shavu linabaki hewani. Kila mlio kichwa kinakaa mahali tofauti kidogo. Sasa chukua darubini ya lenzi ya milimita 40 iliyorekebishwa kiwandani kwa mita 100, kama zilivyo nyingi za bunduki kubwa, uitumie kwenye mita 50. Jicho likitoka katikati mpaka pembeni kabisa mwa picha, alama ya kulengea iliyo ndani ya darubini inaweza kukudanganya hadi milimita 10. Linganisha tena na lile duara la 10.4. Mlengaji anaapa kwamba alama ilikuwa katikati, na kweli aliiona katikati.

Dawa ya hilo haihitaji kitako kipya. Kipande cha sponji ngumu na utepe wa gundi juu ya kitako, shavu likapata pa kulala, jicho likaangukia lenzi bila kutafuta. Urefu wa kitako nao ni hivyohivyo: mwenye mikono mifupi anapewa bunduki iliyopimwa kwa mtu mrefu wa Ulaya, anavuta shingo kufikia darubini. Seremala anakata sentimita mbili, tatizo limekwisha. Vitako ghali vya mashindano, vyenye skrubu za kupandisha na kushusha kila kitu, kwa sehemu kubwa vinauza jambo hilihili: kumfanya mtu akae sawa kila mara.

Kwa hiyo mwenye pesa kidogo, ushauri wangu ni anunue kwanza maboksi ya aina tatu au nne za risasi na kuona mtutu wake unapenda ipi. Pili shavu na urefu. Tatu skrubu, zikazwe kwa nguvu ileile kila mara, kwa kipimo cha kiwanda kilichotengeneza bunduki. Kitako kipya kinakuja baada ya hapo, na kwa wengi hakitahitajika. Anayelenga karatasi kwa alama, ambaye risasi na mtutu wake vimeshathibitika, huyo anafaidika na kitako kigumu, na wanaosema pambo wamkubalie.

Kwa anayebaki na mbao, nina upendeleo wangu. Mulombwa, mti ambao Waswahili wa pwani wanauita mninga, unasifika kwa kusinyaa kidogo sana ukikauka, na mafundi wetu wanaujua kuliko mti wa jozi wa Ulaya. Sharti ubao uwe mkavu kweli kabla haujachongwa, si ule ulioletwa juzi kutoka msituni. Lakini hata mbao nzuri huharibiwa na tabia moja ya mafundi: nje wanapaka vanishi mpaka unajiona uso, ndani ya mfereji na chini ya kibati cha begani wanaacha mbao tupu. Chini ya kibati kile ndiko ncha za nyuzi zilikokatwa, na hapo mbao inanyonya maji haraka kuliko popote. Vua chuma, fungua kibati, angalia. Ukikuta mbao tupu, paka matabaka membamba ya vanishi, kila moja likauke kabla ya linalofuata. Kazi hiyo ifanyike Agosti au Septemba, kwa kuwa mbao iliyokwisha kunywa maji ukiipaka vanishi Januari unayafungia maji ndani.