Wimbo Unaanza Lini?

Juzi nilimpa lifti jirani yangu, nikaweka Colossal Youth, albamu pekee ya bendi ya Young Marble Giants, na baada ya nyimbo mbili akaniuliza kwa upole wimbo wenyewe ungeanza lini. Nilinyamaza mpaka tukafika, lakini hasira haijaniisha, kwa hiyo namjibu hapa.

Ulishaanza, jirani. Young Marble Giants waliundwa mwaka 1978 huko Cardiff, Wales, wakati panki, ule muziki wa roki wa fujo, ilikuwa imefundisha kila kijana kupiga kelele, na wao wakaamua kupunguza: Stuart Moxham kwenye gitaa na kinanda, ndugu yake Philip kwenye besi, Alison Statton akiimba kama mtu anayekunja nguo peke yake chumbani, na badala ya mpiga drams, kaseti ya midundo ya mashine iliyoundwa na binamu yao. Nakiri, kwa shingo upande, kwamba mashine hiyo inasikika kama saa mbovu.

Wanaosema kuwa bendi yenye albamu moja ilishindwa hawajajiuliza kwa nini ilivunjika. Stuart ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya nyimbo, na mwanzoni hakumtaka Alison. Philip akashikilia kwamba bila Alison, naye hayumo. Stuart akakubali, na tangu hapo maneno yake yakawa yanatoka kinywani mwa mwingine. Hebu fikiri: unakesha ukiandika uchungu wako, kisha mwenzako anauimba bila hata kutetemeka, na watu wanampigia makofi yeye! Lakini sauti ile isiyo na madoido ndiyo iliyozipa nyimbo ubaridi wake. Mtunzi mwenyewe angezililia, nami ningekuwa nimeshazisahau. Kilichoipendezesha bendi ndicho kilichofanya isikalike.

Kampuni ya rekodi ya Rough Trade iliitoa albamu mwaka 1980, baada ya siku chache tu za kurekodi. Mwaka huohuo ukatoka «Final Day», wimbo wa dunia kuteketea kwa nyuklia, usiofika hata dakika mbili: kiyama chenyewe hawakukipigia kelele. Kufikia 1981 bendi ilikuwa imekwisha. Stuart akaunda bendi ya The Gist, Alison akaenda bendi ya Weekend, na miaka mingi baadaye wakarudiana jukwaani, jambo ambalo sina ugomvi nalo.

Mwaka 1994 bendi ya roki ya Hole iliurudia wimbo wao «Credit in the Straight World», ulio kwenye albamu hiyohiyo, kwa magitaa yanayonguruma. Huo, jirani, nitakuwekea safari ijayo. Bila shaka utausikia ukianza.