Dhahabu ya kwenye bodi mbovu: Dar mzigo upo, ila umeshapitiwa

Siku hizi kila kijana aliyeangalia video mbili tatu YouTube anauliza swali lile lile, bodi mbovu za simu na kompyuta kwa hapa Dar zinapatikana wapi, maana kaona mtu katumbukiza ramu (vile vibao vya memori ya kompyuta) kwenye ndoo ya asidi akatoka na kidonge cha dhahabu kinawaka. Majibu anayopewa ni mawili tu. Kuna wanaomwambia ingia Kariakoo mzigo umejaa, na kuna wanaomwambia achana nayo utakufa na moshi wa asidi bure. Mi naona wote wana hoja, ila wameruka kitu chenyewe, yaani huo mzigo umepita mikono ya nani kabla haujafika kwako.

Wanaosema hela ipo hawajadanganya. Medali za Olimpiki ya Tokyo zilitengenezwa kwa simu na vifaa chakavu walivyotoa wananchi wa Japani, zikapatikana kilo 32 hivi za dhahabu na kilo 3,500 za fedha. Mgodi wenye gramu 5 kwa tani ya mawe watu wanausifia, wakati tani ya bodi nzuri za kompyuta inapita gramu 100. Hapo ndo mtu anapagawa. Ila wale walikusanya simu zaidi ya milioni 6, pamoja na vifaa vingine karibu tani 79,000, we una ndoo ya lita 20. Wamarekani walishapiga hesabu mwaka 2006, simu moja kwa wastani ina gramu 0.034 za dhahabu, maana yake simu kama 30 ndo upate gramu moja, na hapo hujapoteza hata tone njiani.

Sasa nenda Aggrey pale kwa mafundi simu uombe bodi mbovu. Ukipewa igeuze uangalie vizuri: IC (chipu) ya chaji haipo, ya network imeng'olewa, soketi hamna, kilichobaki ni ubao na vile viduara vya njano vya chini ya batani kama ilikuwa kitochi. Fundi hatupi bodi, ile ndo stoo yake ya spea, anainyonya mwaka mzima mpaka iishe, halafu kuna jamaa anapita na mzani anachukua makapi kwa kilo, naye ana tajiri wake anayejaza kontena. We unayefanya kama hobi ukija unakuwa mtu wa nne kwenye foleni na unataka bei ya mtu wa kwanza!

Kwenye yadi za skrepa hali ni tofauti kidogo. Kule macho ya wenye yadi yapo kwenye shaba, alminiamu na chuma, kompyuta inapasuliwa haraka haraka na bodi zinatupiwa kona moja, zenye maana na zisizo na maana. Kwa hiyo anayejua kutofautisha bodi ya pawa saplai (ambayo haina kitu) na ramu au prosesa bado anaweza kuokota. Lakini kila siku wenye yadi wanazidi kujua, na zile prosesa za zamani za kauri zenye pini za njano ukizikuta kwenye yadi ujue una bahati sana.

Kwangu mimi chanzo kizuri ni ofisi. Shule, kampuni ndogo, intaneti kafe zilizofungwa, wana kompyuta za zamani stoo zimekaa na ramu zake zote na hakuna fundi aliyezigusa. Shida yake ni makaratasi: kanuni za taka za kielektroniki zipo tangu 2021, NEMC (baraza la mazingira la taifa) ndo wasimamizi, na anayekusanya anatakiwa awe na kibali. Ukipakia desktop 20 kwenye kirikuu bila risiti ukasimamishwa, maelezo yako hayatakuwa mafupi. Masega ya gari (yale ya kusafisha moshi kwenye ekzosi) ndo kabisa, platinamu na paladi, madini ghali, zimo kweli, ila mengi yanafunguliwa kwenye magari ya watu bila wenyewe kujua. Usiyaguse kama hujui yametoka kwa nani.

Tukija kwa wale wa pili, wanaoogopesha, nao wana pointi. Asidi ya naitriki haichukuliwi kama soda, kemikali za hivyo ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na nyumba nyingi za kupanga huku kwetu mlango unatazamana na mlango, moshi ukitoka kwako unalala kwa jirani. Maji yaliyobaki unamwaga wapi, mtaroni yashuke Msimbazi? Hata madini ya fedha ya kwenye kontakta (swichi kubwa) za umeme, kile kitufe cheupe kidogo kilichobandikwa kwenye shaba, ambacho watu wanakiona rahisi, nyingi za zamani zimechanganywa na kadimiamu, na kuyeyusha hiyo ni kuvuta sumu.

Kwa hiyo mi nipo upande wa kukusanya na kuchambua, asidi hapana. Najua kuna watakaosema tutabaki wabeba mizigo, bodi zinaondoka thamani inaenda Ulaya. Ni kweli inauma, na siku tukipata kiwanda cha maana hapa nitakuwa wa kwanza kupeleka. Ila tanuru kama la kampuni ya Umicore kule Hoboken, Ubelgiji, linatoa dhahabu, fedha, paladi na shaba kwa pamoja, we na ndoo yako unatoa dhahabu kidogo na vingine vyote unamwaga, sasa nani anapoteza thamani hapo?

Anayetaka kuanza atafute mafundi wawili watatu wa mtaani kwake, siyo Kariakoo, hawa wa Mbagala na Kimara ambao mwenye mzani hajawazoea, awape ndoo ya mfuniko, awe anapita kulipa kwa kilo na waandikishiane. Na ramu msizikate yale meno ya njano jamani, kwenye zile chipu nyeusi mna nyuzi za dhahabu pia, na ukishakata mnunuzi wa kontena hakupi tena bei ya ramu nzima.