Collier na komedi za London: kasisi alikuwa na hoja, ila alikaza macho pasipostahili

Mwaka 1698 kasisi wa Kianglikana, Jeremy Collier, alitoa kitabu cha kuushambulia uigizaji wa Uingereza, na mpaka leo wasomi wengi wa fasihi wanamchukulia kama mzee mnoko asiyejua utani. Mi naona tunamwonea kidogo.

Kwa ufupi, kumbi za maigizo zilifungwa 1642 na Bunge la Wapuritani, yaani Waprotestanti wenye msimamo mkali wa dini, zikaja kufunguliwa 1660 mfalme Charles II aliporudi toka uhamishoni. Wanawake nao wakaanza kupanda jukwaani kulipwa kama waigizaji, kabla ya hapo wavulana ndo walikuwa wanaigiza kike. Mfalme mwenyewe alikuwa na mchepuko wake mwigizaji, Nell Gwyn, kwahiyo usitegemee tamthilia za zama zile ziwe za Sunday school.

Chukua The Country Wife ya William Wycherley, 1675. Kuna jamaa anaitwa Horner, anamtumia daktari asambaze umbea mji mzima kwamba yeye ameshakuwa hanisi, basi waume wa London wanamwachia wake zao kwa raha zao maana wanajua hana madhara. Lady Fidget anaingia naye chumbani eti kuchagua vyombo vya kaure, anatoka kashika kimoja mkononi, mumewe yupo hapohapo anachekelea, mwanamke mwingine naye anadai chake na Horner anamwambia kwa sasa vimeisha. Ukumbi mzima unaelewa isipokuwa mume. Kwa ufundi sijui komedi ngapi zinaifikia hiyo.

Sasa Collier anauliza, kwanini malaya wa kiume ndo shujaa na mwishoni anaondoka na ushindi? Congreve na Vanbrugh, waandishi wa komedi alioshambulia, walimjibu mwaka uleule, wakasema kauli ya mhusika sio kauli ya mwandishi (hapo walimkamata vizuri, kasisi alikuwa anasoma kila mstari kama ungamo la aliyeuandika), halafu wakaongeza kwamba komedi inaonyesha wapumbavu na waovu ili watu wajirekebishe. Hii ya pili mi siinunui. Horner hakamatwi wala haadhibiwi, wanawake wanaojua siri wanamfichia mpaka mwisho na mchezo wake unaendelea, nani hapo kajirekebisha?

Ila Collier naye ana lake. Sura nzima kaitumia kulalamika kwamba makasisi wanachekwa jukwaani, na hapo ndo unaona kidonda chake kiko wapi. Kwenye The Provoked Wife ya Vanbrugh, Sir John Brute, mume mlevi na mnyanyasaji, anavaa kanzu ya kasisi anapigana na walinzi wa usiku. Baadaye onyesho likabadilishwa, akavalishwa gauni la kike. Heshima ya kanisa ikapona, na Lady Brute akabaki na mume yuleyule.

Turudi kwa Wycherley. Pinchwife anamlazimisha mkewe kuandika barua na anamtishia kwamba asipoandika anavyoambiwa atamchora neno malaya usoni kwa kisu kidogo cha kuchongea kalamu. Kwangu uchafu wa mchezo ule uko hapo, na Wycherley ndo aliyetuwekea mbele ya macho tuuone. Ukipima tamthilia kwa idadi ya matusi, tukio kama hilo linakupita.

Dryden, mshairi mkubwa wa enzi ile, alikubali 1700 kwamba Collier alikuwa na haki kwenye mengi. Ladha nayo ikaelekea kwenye tamthilia za machozi na toba. Sheria ya udhibiti wa tamthilia ya 1737 watu huwa wanamtwisha Collier lakini ile ilikuwa ya waziri Walpole, aliyechoshwa na waandishi kumcheka kisiasa, na udhibiti wenyewe ukadumu hadi 1968. Halafu 1766 mwigizaji Garrick akaisafisha The Country Wife, Horner akatolewa kabisa, na yule mke wa Pinchwife, mwanamke wa shamba, akafanywa binti ambaye hajaolewa. Ya Wycherley yenyewe ilikuja kurudi jukwaani 1924.