Serebela: rula ya kupimia Alzheimer, au mgonjwa asiyelalamika?

Anayepima amiloidi, protini inayorundikana ubongoni katika Alzheimer, kwa skani ya PET (picha inayopigwa kwa kemikali yenye mionzi) hasomi gome la ubongo, yaani tabaka lake la nje, peke yake. Kiwango cha gome hugawanywa kwa kiwango cha serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni. Gome likisoma 1.8 na serebela 1.0, uwiano ni 1.8. Hesabu hiyo inaegemea dhana moja: serebela ni nzima.

Dhana hii ina watetezi wenye hoja nzito. Katika mpangilio wa mtafiti Thal, wenye awamu 5 za kuenea kwa amiloidi, serebela hufikiwa awamu ya mwisho. Hata hapo, mabaka yake mengi ya amiloidi ni yale yaliyosambaa bila kiini kigumu, ambayo PET huyanasa kwa shida, na vifundo vya tau, protini nyingine ya Alzheimer, ni nadra mno.

Lakini kuchelewa kuugua si kutougua. Kwa wenye Alzheimer ya kurithi kutokana na hitilafu ya jeni la PSEN1, mabaka ya serebela yanaweza kuwa mengi. Usomaji wa serebela ukipanda hadi 1.2, ule uwiano wa 1.8 unashuka hadi 1.5 ilhali gome halijabadilika. Kwenye jaribio la dawa, mtu anaweza kushangilia tiba isiyokuwepo! Kosa la pili linavuta upande wa pili: serebela iliyosinyaa huchanganyika pichani na maji yanayoizunguka, usomaji wake unashuka, uwiano unapanda. Kuna pia ukingo wa juu, unaomwagikiwa mng'ao wa gome lililo jirani. Ndiyo maana wapimaji wa tau hupendelea sehemu ya chini ya serebela.

Kwa maoni yangu, kwa Alzheimer ya kawaida ya uzeeni rula hii ibaki. Kwa ile ya kifamilia, picha ya serebela yenyewe ikaguliwe kabla ya kugawanya chochote.

Ataksia za kurithi, magonjwa yanayovuruga uratibu wa mwendo, ni habari nyingine. Katika SCA6, mojawapo ya ataksia hizo (SCA), marudio ya herufi za DNA CAG kwenye jeni la CACNA1A hufika 20 hadi 33, na zinazokufa ni seli za Purkinje, njia pekee ya ishara kutoka kwenye gome la serebela. Hapo rula yenyewe ndiyo mgonjwa. Wengi hukimbilia ponsi, sehemu ya shina la ubongo, ila katika SCA1, SCA2, SCA3 na MSA (ugonjwa wa kudhoofika kwa mifumo mingi ya neva) ya aina ya serebela, ponsi nayo husinyaa. Kinachobaki ni kupimia kwa mada nyeupe ya ubongo mkubwa.