Shangazi na Yule Kijana Aliyeachwa

Shangazi yangu wa Ngamiani, Tanga, hajamsamehe Hurrem mpaka leo. Hurrem mwenyewe, mke wa Sultani Suleiman, alifariki Istanbul mwaka 1558, lakini habari za tarehe shangazi hazimhusu. Yeye kamwona kwa macho yake, pale sebuleni, kwenye tamthilia ya Kituruki, akiongea Kiswahili safi kabisa huku akipanga njama za kummaliza Ibrahim Pasha, waziri mkuu wa Sultani. Na usiku Ibrahim Pasha aliponyongwa (vitabuni ni mwaka 1536, kwa shangazi ni Jumatano baada ya isha) nilipigiwa simu. Kuona jina lake saa zile, nikajua msiba umetufika.

"Wamemuua," akasema.

Nikakaa kitandani. "Nani, shangazi?"

"Ibrahim. Na Sultani kaidhinisha mwenyewe."

Nikatoa pole. Ungefanyaje?

Basi akaja Dar kutibiwa macho, akafikia kwangu Tabata. Daktari alimwambia apunguze kutazama televisheni. Shangazi akamjibu kwa heshima zote kwamba televisheni ndiyo iliyomtoa Tanga. Angekuwa hatazami, macho angeyatibu ya nini?

Ikifika saa tatu usiku anavuta kiti karibu na kioo, chai ya tangawizi mkononi, na hatazami kimya. Anaongea nao. "Usinywe hiyo, mwanangu." "Geuka nyuma wewe, kasimama mlangoni!" Imani yake kubwa iko kwenye muziki. Ngoma zikianza kudunda polepole, mbaya yuko karibu. Kinanda kikilia, kuna mtu anakwenda kutajiwa baba yake halisi. Anasema hapo ndipo tamthilia zinapoyashinda maisha, maana huku duniani mbaya wako anakuja bila muziki.

Sasa usiku mmoja mama mkwe kamimina sumu kwenye juisi, glasi iko mezani, bibi harusi kanyoosha mkono, ngoma zinadunda. Pap! Giza. Nikachungulia dirishani: kwa jirani kunawaka. Kumbe si mgao, ni LUKU yangu.

Kununua umeme siku hizi si kazi, unanunua hapo hapo kwenye simu. Kazi ni zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, na mita ya nyumba yetu iko ukutani nje, juu, mwenye nyumba aliiweka kwa kimo chake. Nikapanda juu ya ndoo. Tochi iko kwenye simu na meseji ya tokeni iko kwenye simu hiyo hiyo: nikimulika mita sizioni namba, nikizisoma namba siioni mita. Nikawa nakariri nne-nne gizani huku ndoo ikilia chini yangu, na kila nikikaribia kumaliza sauti inatoka ndani, "Kashakunywa?" Hesabu inapotea, naanza upya.

Umeme uliporudi tulikuta watu wengi wanalia, na hatukuweza kujua wanamlilia nani.

Shangazi akaenda kulala. Asubuhi shikamoo yangu ilijibiwa nusu.

Hapo ndipo nilipokumbuka tiketi. Nilikuwa nimenunua mbili za vichekesho vya jukwaani, hivi vya mtu mmoja na maiki, shilingi 30,000 kila moja, viti vya mbele. Moja yangu, nyingine ya dada mmoja wa ofisini ambaye ghafla alikumbuka kuwa usiku ule ana ubatizo wa mtoto wa jirani. Nikaona hii ndiyo njia ya kumtuliza mzee wangu.

"Twende tukaangalie vichekesho, shangazi."

"Vya nani?"

"Vya kijana mmoja."

"Na wenzake?"

"Yuko peke yake."

"Sasa anaigiza na nani?"

"Haigizi. Anaongea tu."

Akanitazama juu ya miwani. "Mtu akiongea peke yake, nyie Dar mnamlipa? Si anapelekwa Mirembe?"

Nisimlaumu. Shangazi ni mtu wa Tanga, alikozikwa King Majuto Agosti 2018, na Majuto hakuwa na haja ya kusema neno; akitokeza tu, watu wameshashika mbavu. Wakaja kina Joti na magauni yao, nao akawakubali. Kwake yeye kichekesho ni mtu avae, akimbizwe, aanguke. Wakenya walizoea mapema mtu mmoja kusimama na maiki, kina Churchill waliwapa mazoezi ya muda mrefu, lakini huku kwetu standapu imechangamka miaka ya karibuni na kwa watu wa umri wake bado ni mtihani. Na mimi, ukinibana, nitakwambia nusu ya vijana wa jukwaani wanatusimulia daladala ile ile tuliyopanda nao asubuhi. Ila yule wa siku ile alikuwa mkali. Ndiyo maana nililipa.

Tukaenda. Shangazi kavaa baibui la kutokea na mkoba umejaa visheti. Mlinzi wa mlangoni akasema chakula cha nje hakiruhusiwi, akaonjeshwa kimoja, tukapita.

Kijana akatokea na jinzi iliyochanika magotini. "Dar mpooo?"

"Tupooo!" ukumbi ukaitika.

"Hana hata shikamoo," akasema shangazi, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka mtaa wa pili. "Na suruali imechanika. Wamemwachia mtoto wa watu atoke hivyo hivyo?"

Nikamnong'oneza kuwa ndiyo fasheni. Kijana akaendelea.

"Ndugu zangu, mimi nyumbani kwangu siku hizi sili. Mke wangu kaniacha. Kaondoka na friji."

Ukumbi ukalipuka. Shangazi akarudisha kisheti kwenye mkoba.

"Yarabi toba! Mwenzao kaachwa, wanacheka?"

"Shangazi, ni utani."

"Utani wa friji?"

Kijana kanogewa. "Nikamwambia, mke wangu, umenichukulia friji, maji ya baridi nitakunywa kwa nani? Akasema kanywe kwa mama yako. Sasa jamani, mimi nifanyeje?"

Kwenye standapu swali la namna ile ni pambo tu, unalisikia unaliacha lipite. Shangazi akasimama.

"Wazee wa pande zote mbili wameshakaa?"

Kimya. Kisha kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele, na taa ya jukwaani ikatugeukia. Kijana akaweka kiganja juu ya macho kutafuta sauti imetoka wapi. "Eti, mama?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nauliza, wazee wameshakaa kikao? Mshenga wako anasemaje?"

Yule kijana si mjinga. Aliona riziki imemfuata mpaka kazini. "Mama, mshenga ndiye aliyembebea friji."

Watu walipiga viti. Jamaa wa pembeni yangu akamwaga soda yote kwenye shati lake na hakujali. Shangazi hakutoa hata tabasamu.

"Nilijua! Toka ulipotaja friji nilijua kuna mtu wa ndani. Mwanamke habebi friji peke yake."

"Mama, umejuaje mambo haya?"

"Mie natazama tamthilia kila siku."

Makofi. Kijana akashuka jukwaani na maiki, anakuja upande wetu. Nikamkanyaga shangazi mguu, kwa adabu. Akausogeza.

"Na leo mama yetu umekuja na nani?"

"Na huyu, mtoto wa kaka yangu. Wala usimwone kakaa mbele ukamtamani. Wewe angalau umeachwa. Huyu hajapata hata wa kumwacha. Miaka thelathini na sita! Hiki kiti nilichokalia alimnunulia mwanamke, akaambiwa kuna ubatizo. Ubatizo usiku!"

Nilikuwa nimeshafika nusu ya kuingia chini ya kiti. Kijana akanisogezea maiki, nami sikuwa na la kusema, akairudisha kwa mwenyewe.

"Lakini friji analo, mama?"

"Friji analo. Umeme ndio hana."

Sitasimulia kilichofuata, maana kwa muda sikusikia kitu. Ninachokumbuka ni kijana kapiga magoti mbele ya shangazi, kashika kichwa, anasema usiku huu hana kazi tena. Na kweli, tangu hapo kila kichekesho alikipitisha kwetu kwanza. "Mama, hili niliseme?" Shangazi anaruhusu, au anakataa. La kumtania mama yake mzazi alilizuia moja kwa moja na kijana akalimeza.

Kesho yake kipande kiko kwenye kila simu. Na watazamaji wa Bongo, unawajua, hawana dogo. Wengi waliapa kuwa yule bibi ni mwigizaji, kalipwa, tena wakamtabiria makubwa. Mimi ndiye niliyepondwa. Mmoja aliandika kuwa bibi ni hatari ila huyo mpwa hajui kuigiza, jasho linamtoka kupita kiasi, mwongozaji angetafuta mtu mwingine. Wengine zaidi ya mia wakaunga mkono. Mwenye nyumba alinipigia kuuliza kwa nini namtangaza mjini kuwa nyumba yake haina umeme. Yule dada wa ubatizo tulikutana kwenye lifti. Alizitazama namba za ghorofa mpaka zikaisha.

Shangazi akarudi Tanga na miwani mipya, akanyamaza. Nikajua limekwisha. Mpaka juzi, simu.

"Eti, yule kijana, mkewe karudi?"

"Kijana gani, shangazi?"

"Wa friji. Mie kila nikiswali namwombea."

Nikavuta pumzi. "Shangazi, yule hana mke. Alikuwa anatunga."

"Na friji?"

"Hata friji sidhani."

Kimya kidogo. Nilisikia anapunguza sauti ya televisheni, jambo ambalo hata kwa Ibrahim Pasha hakulifanya.

"Kwa hiyo watu wazima wote wale tumekaa kitako, yeye kavaa suruali imechanika, anatuongopea?"

"Ndiyo kazi yake, shangazi."

"Na ulimpa elfu thelathini?"

"Sitini. Tulikuwa wawili."

Akaguna. "Yule si mchekeshaji, baba. Yule dalali."