Kenya nayo iwe na mkoba wake visiwani

Umoja wa Afrika ulipokutana Addis Ababa Februari 2025 kumchagua mwenyekiti wa Kamisheni yake, kura ya Komoro ilikuwa na uzito uleule wa kura ya Nigeria. Ya Shelisheli, nchi ya watu laki moja na kidogo, kadhalika. Hayati Raila Odinga, mgombea wa Kenya, aliongoza duru za mwanzo, kisha Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti akampita na kushinda kwa kura 33 katika duru ya saba. Kura ilikuwa ya siri na simnyoshei kidole mtu yeyote wa visiwani. Lakini tangu siku ile kuna swali halinitoki: Mkomoro wa kawaida, aliye Moroni au Mutsamudu, ana kitu gani mkononi kilichotoka Kenya?

Vya wengine anavyo. Nchi kubwa zina fungu linaloitwa ruzuku za diplomasia ya umma. Si fedha za barabara wala za bandari. Kwa kipimo cha serikali ni vijipesa tu, dola elfu chache, pengine makumi ya elfu, na hupewa mwalimu wa lugha, kikundi cha vijana, redio ya mtaa, makumbusho au msanii. Ubalozi hutangaza, watu hupeleka maombi, kamati huchagua. Nia haifichwi: mradi sharti uwasogeze wenyeji karibu na nchi inayotoa. Marekani huihudumia Komoro kutoka ubalozi wake wa Antananarivo, Madagaska. Japani ina mpango wake wa miradi ya mashinani tangu 1989. China hupenda majengo na ufadhili wa masomo. Bunge la Shelisheli ni wao waliolijenga.

Hawafanyi hivyo kwa kupenda fukwe. Shelisheli ni vijisiwa, lakini eneo lake la bahari linafika takriban kilomita za mraba milioni 1.3, zaidi ya mara mbili ya nchi kavu yote ya Kenya. Marekani ilifunga ubalozi wake wa Victoria mwaka 1996 ikaona haina haja nao, kisha ikaufungua tena Juni 2023. Kule Visiwa vya Solomon, bahari ya Pasifiki, iliondoka Honiara mwaka 1993 na kurudi Februari 2023, baada ya serikali ya huko kutia saini mkataba wa usalama na China Aprili 2022. Tarehe hizo zinajieleza.

Sisi wa Pwani tumeuona utamu wa diplomasia hii hapa hapa kwetu. Mwaka 2005 Mwamaka Sharifu, msichana wa Siyu kisiwani Pate, alipewa na China ufadhili wa kwenda kusomea tiba ya Kichina, kwa kuwa ukoo wake husimuliwa kuwa umetokana na mabaharia wa Zheng He, amiri wa majeshi ya bahari ya China, waliozamiwa na chombo karibu na Pate karne ya 15. Gharama ya mwanafunzi mmoja ni kitu gani kwa dola kama China? Na bado habari zake ziliandikwa duniani kote, zikafuatwa na wanaakiolojia wa Kichina waliokuja kuchimba Mambrui na kupiga mbizi bahari ya Lamu wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa. Miaka ishirini baadaye mimi pia naiandika.

Siwasifu tu. Ruzuku hizi zina kasoro, na watu wa visiwani ndio wanaobeba mzigo wake. Chukua za Marekani. Kanuni ya kawaida ni kwamba maombi yaandikwe Kiingereza na bajeti iwe ya dola, na shirika lijisajili kwanza katika mfumo wa serikali ya Marekani lipate namba ya utambulisho. Komoro ofisi zinaandika Kifaransa na Kiarabu, nyumbani watu wanasema Shikomori. Kisha kuna orodha ya yasiyofadhiliwa: ujenzi, misaada ya hisani, utafiti wa kisayansi, na hata kazi ambayo shabaha yake kuu ni kulikuza shirika lenyewe. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Kikundi kinapata fedha za warsha ya siku tatu, fulana na bango. Warsha ikiisha, hakina hata kodi ya ofisi ya mwezi unaofuata.

Rafiki yangu mmoja wa Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, ni mwalimu; aliniletea andiko lake nimsaidie Kiingereza. Alitaka kurekodi masimulizi ya wazee wa mji wake kabla hawajaondoka. Tulivyozidi kuijaza fomu, wazo lake lilizidi kupindwa. Wazee wakapunguzwa, wakaingizwa vijana, "uongozi" na "ujasiriamali", kwa sababu ndiyo maneno yaliyokuwa kwenye tangazo la ubalozi ule. Hakupata. Baadhi ya wazee wale sasa ni marehemu.

Fedha hizi pia hufuata upepo wa huko zilikotoka. Januari 2025 rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na Julai mwaka huohuo USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa rasmi. Mfuko wa ubalozi si mfuko wa USAID, lakini kwa kikundi kidogo kilichojengeka juu ya fedha za mgeni mmoja, somo ni lilelile.

Sasa njoo kwetu. Tunachokitafuta tayari tunacho. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ambao maulidi yake hukusanya watu kutoka pwani nzima, uliasisiwa na Habib Swaleh, mzaliwa wa Ngazija. Sayyid Ahmed bin Sumeyt, kadhi aliyeheshimiwa Unguja hadi alipofariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandra, hukohuko Ngazija. Twarabu ya Komoro ina mizizi yake Zanzibar. Mombasa hii ina Wangazija wa vizazi kadhaa, tumeoana nao, tumezikana. Hakuna ubalozi wa Ulaya au Asia unaoweza kununua udugu kama huu, hata uweke dola ngapi. Na sisi tumeuacha ukae bila kazi.

Sera ya mambo ya nje ya Kenya ya mwaka 2014 iliutaja utamaduni kuwa mojawapo ya nguzo zake tano. Naomba nguzo hiyo iwekewe fedha. Shilingi milioni 50 kwa mwaka zingetosha miradi ishirini ya milioni mbili na nusu kila mmoja, kwa Komoro na Shelisheli kwanza. Mfuko usimamiwe Mombasa, si Nairobi, na kamati yake iwe na watu wa Makumbusho ya Fort Jesus, vyuo vikuu vya Pwani, na wajumbe kutoka visiwani kwenyewe. Maombi yapokelewe kwa Kiswahili, Shikomori, Kifaransa au Krioli. Kila mradi uwe na mshirika upande huu na upande ule, ili fedha ziwafae pia watu wa Lamu na Kwale. Hilo ndilo jibu langu kwa wanaosema tusipeleke fedha nje ilhali shule zetu hazina madawati. Na pasitangazwe ruzuku yoyote Kenya inapokuwa na mgombea wa kutafutiwa kura, maana hapo itakuwa ni hongo.

Kazi ndogo inaweza kukaa muda mrefu. Fort Jesus iligeuzwa makumbusho kwa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno zilizotolewa mwaka 1958, na watoto wetu wa shule wanaitembelea mpaka leo. Hati za kale za Riyadha zilipigwa picha za dijitali kupitia mpango wa British Library wa kumbukumbu zilizo hatarini. Moroni kuna kituo cha taifa cha nyaraka na utafiti, CNDRS, nacho kina hati zake za mkono. Mradi wa kwanza ningeutaka uwe huo: mafundi wawili wa Lamu na wawili wa Moroni, kamera nzuri, mwaka mzima wa mishahara, na nakala zibaki pande zote mbili. Wa pili ni wazee wa rafiki yangu, wale waliobaki.

Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika bungeni kila mwaka kufikia Februari 15, na kabla ya hapo wizara huwasikiliza wananchi. Nitaliwasilisha ombi hili kwa maandishi, na wabunge wetu wa Mombasa na Lamu nitawapelekea nakala.