Buku la chipsi

Mdogo wangu anaamka saa kumi alfajiri. Ikifika saa kumi na moja na robo yuko kituoni Tabata Bima, Dar es Salaam, anagombea daladala ya Kariakoo, na mezani ameacha noti ya elfu moja imekandamizwa na kikombe. Hilo ndilo buku la mtoto la kula shuleni. Mtoto ana miaka tisa, yuko darasa la tatu, mimi ananiita mamkubwa. Nilikuwa nyumbani likizo hivi karibuni, mara ya kwanza baada ya miaka minne, na siku moja nikatoka saa nne asubuhi, saa yao ya mapumziko, nikaone buku linaishia wapi.

Halikwenda mbali. Hatua ishirini kutoka geti la shule kuna mwavuli, karai na jiko la mkaa. Kijana anachota chipsi zilizokaangwa tangu asubuhi na mapema, anazirudisha kwenye mafuta zishike moto, anazimwaga juu ya karatasi iliyochanwa kwenye daftari, anaminyia tomato nyepesi nyekundu kama rangi ya kupakia kucha. Mafuta yenyewe yalikuwa meusi, hata chini ya karai hupaoni. Mtoto wetu alinunua chipsi za mia tano, iliyobaki ikaishia kwenye kinywaji cha chupa cha rangi ya chungwa. Karatasi ilikuwa na hesabu za kujumlisha za mwanafunzi fulani, wino umeanza kuyeyukia kwenye chipsi.

Jioni nilipoyasimulia barazani, baba mmoja jirani yetu, mtu ninayemheshimu, akasema: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, dada. Hayo ya serikali kuingia kwenye sufuria za watu waachieni Wazungu." Mdogo wangu akainama. Yeye ndiye aliyekuwa anashtakiwa pale, na kila mtu alijua.

Mimi nami nilikuwa na maneno hayohayo mdomoni kwa miaka mingi. Naishi London, kusini mwa mto, mwaka wa kumi na tano huu, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Nilijiona mama makini: ugali, mchicha wa kuungwa, samaki, matunda, soda sikukuu tu. Halafu usiku mmoja nafua sare ya mwanangu, wakati huo ana miaka kumi na tatu, nikakuta mfukoni mifupa ya kuku imefungwa kwenye karatasi iliyolowa mafuta. Kumbe kila akitoka shule saa tisa na nusu anapitia duka la kuku la kukaanga lililo karibu na kituo cha basi, yeye na wenzake wote, kwa sababu pale pana joto, pana viti, na mama yupo kazini mpaka usiku. Kile nilichokuwa nakiita uchaguzi wake wa mboga mezani kilikuwa shibe ya alasiri. Nilimfokea sana. Sikujua pa kuanzia zaidi ya kufoka.

Ndipo nilipoanza kufuatilia wenzetu hawa wanafanya nini, na nikaona jambo lililonibadilisha mawazo. Machi 2016 serikali ya Uingereza ilitangaza kodi ya vinywaji vyenye sukari, ikasema itaanza Aprili 2018. Ilipoanza, kinywaji chenye gramu 5 mpaka chini ya 8 za sukari kwa mililita 100 kilitozwa peni 18 kwa lita, chenye gramu 8 na kuendelea peni 24. Chini ya gramu 5, hakuna kodi. Viwanda vilipewa miaka miwili, na vingi vikapunguza sukari kabla siku yenyewe haijafika. Kuna watoto waliopunguziwa sukari bila mama yeyote kufoka, bila mtoto kulia dukani. Mwanangu ni mmoja wao. Kile alichokuwa anakunywa kwa siri kilibadilishwa kule kilikotengenezwa, mahali ambapo mimi nisingefika hata ningelea namna gani.

Yakafuata mengine. Februari 2019 matangazo ya vyakula vya mafuta, chumvi na sukari nyingi yaliondolewa kwenye mabasi na treni za London. Mwaka 2021 mpango wa jiji ukazuia duka jipya la vyakula vya kubeba kufunguliwa ndani ya mita 400 za kutembea kutoka shule. Tangu Januari 2026 matangazo ya vyakula vya aina hiyo hayaruhusiwi kwenye televisheni kabla ya saa tatu usiku.

Lakini nisiwadanganye kwamba Ulaya wamemaliza. Lile duka la kuku bado lipo, maana sheria ya mita 400 inazuia jipya, la zamani haligusi. Na wazee ninaowahudumia wengine wana wajukuu wasiojua kumenya kitunguu. Chakula kinatoka kwenye friza kinaingia kwenye maikrowevu, kizazi cha pili sasa. Sheria zao zimekuja jiko likiwa limeshazimika nyumba nyingi, na hakuna bunge linaloweza kumwashia mtu jiko.

Dar jiko bado linawaka, na hili ndilo linanifanya niandike. Kwa mdogo wangu palepale Tabata, usiku amechoka miguu imevimba, anaunga maharage kwa nazi, anachambua matembele, mtoto amekaa kwenye kigoda anakuna nazi kwenye mbuzi. Kwa mama ntilie sahani ya wali maharage na mchicha bado ni chakula cha mfanyakazi wa kawaida. Tuna kitu ambacho wenzetu wanakitafuta kwa fedha nyingi. Tukisubiri mpaka kife ndipo tutunge sheria, tutakuwa tumeiga ugonjwa na dawa kwa pamoja.

Kwa hiyo kwa yule jirani najibu hivi: methali yako ni kweli, na mkono mmoja haulei mwana nayo ni kweli. Mdogo wangu anamlea mwanawe kuanzia saa moja usiku. Kuanzia alfajiri analelewa na nani? Soda ya kola ya kawaida ya mililita 350 ina kama gramu 37 za sukari, vijiko tisa vya chai. Mtoto wa darasa la tatu akimaliza chupa moja amekaribia kiwango chote cha sukari ya kuongezwa ambacho Shirika la Afya Duniani linasema kisipitwe kwa siku. Mama yuko Kariakoo anapanga viatu vya mtumba. Mwambie alee vipi kutoka kule.

Na tusiseme sheria haiwezekani kwetu. Viroba, ile pombe kali ya vifuko vidogo, vilikuwa vinaingia mfuko wa sare ya shule bila kuonekana. Hatukumwambia kila mzazi ampekue mwanawe. Machi 1, 2017 vilipigwa marufuku. Mifuko ya plastiki ikafuata Juni 1, 2019, na leo sokoni tunabeba vikapu. Mwaka huohuo wa 2019 usalama wa chakula ulitoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ukahamia TBS, shirika la viwango. Wenye dhamana wapo, basi. Ila bwana afya niliyemwona akipita kwenye lile karai aliuliza aproni na cheti cha kupimwa afya. Mafuta yana siku ngapi, hakuuliza.

Sitaki kijana wa chipsi afukuzwe. Ana watoto pia, na mgambo wakija kumwaga karai lake hakuna mtoto atakayepona kwa hilo. Asogee mbali na geti, abadilishe mafuta, basi. Uzito wa sheria uende kwa wakubwa: kodi ya soda ifuate sukari iliyomo, na nembo zao zitoke shuleni. Kwa sababu kile kibao cha jina la shule kimechorwa na kampuni ya soda, chupa juu, jina la shule chini kwa herufi ndogo. Nilimwomba mtoto anisomee kile kibao. Alianza na soda.

Siku mbili kabla sijaondoka tulinunua kontena lenye mfuniko wa kubana. Usiku mdogo wangu alichemsha viazi vitamu, akaacha na dagaa waliokaangwa na limao. Buku likabaki mia tatu, ya maji. Amenitumia ujumbe juzi kwamba siku tatu kati ya tano anaweza, siku mbili umeme ukikatika au akichelewa kurudi hawezi. Jumamosi kuna kikao cha wazazi, amesema atasimama kuulizia kile kibao, na kama wazazi wakichangia uji na maharage jikoni pa shule itagharimu shilingi ngapi kwa mtoto.